Mfuko wa Risasi

Tokoroa, 4 Machi 2007

Wifi Akaiti,

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulikatiana. Wewe ukasema mimi ndiye niliyekata, mimi nikasema ni wewe. Basi tuseme ni upepo.

Neno langu ni lile lile. Kaka yangu Ngarima aliniandikia kwamba mama alipoanza kuishiwa nguvu alikuwa akimpiga picha, wiki hadi wiki, mpaka mwisho, na filamu zote aliniwekea mimi kwa kuwa sikuwapo. “Dada, utamwona kama vile ulikaa nasi,” ndivyo alivyosema. Halafu naye akatutoka kabla hajazipeleka kusafishwa. Sasa mwaka umepita tangu azikwe, na wewe umezikalia. Mara posta inaiba, mara posta inachelewa, mara mvua.

Hapa mjini yuko Mholanzi mmoja, mzee Wim, ambaye bado anasafisha filamu dukani kwake. Anasema filamu ikikaa mno bila kusafishwa picha hufifia zenyewe, taratibu, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Pia anasema viwanja vya ndege vina mashine za eksirei za kuchungulia mizigo, na miale yake huunguza filamu kama vile umeifungua juani. Kwa hiyo nimekuwekea humu mfuko wa risasi. Ndani una bamba la risasi, miale haipenyi kirahisi. Ukipata mtu mwaminifu anayekuja huku, mpe filamu ndani ya mfuko huo, na usimtoke mkononi.

Mimi mzima. Nyumba imejaa. Mume wangu Colin na wanawe wanaingia na kutoka, hata pa kuandikia sina.

Wifi yako,
Upokoina


Oneroa, Mangaia, 19 Machi 2007

Wifi Upokoina,

Mfuko umefika. Mwenye posta aliupima kwa mkono, akaufinya, akaniuliza kama siku hizi navua samaki wa kina kirefu.

Umezikalia, unasema. Wifi, sijazikalia. Zimo kwenye friji, ndani ya kopo la biskuti, pembeni ya siagi, kwa sababu Ngarima alisema baridi inazitunza. Umeme ukikatika nazifunika kwa taulo. Ukirudi nafungua kutazama kama bado zimo, utadhani zina miguu. Kila asubuhi nikichukua siagi nakutana nazo. Kama ulikuwa unauliza kwa nini sikuzituma, jibu ndilo hilo. Zikiondoka, mle ndani itabaki siagi.

Sitampa mtu. Nitazileta mwenyewe. Najua utashangaa, maana hata kwenda Rarotonga, kisiwa cha jirani, ni mpaka nisukumwe. Nimeamua tu, usinihoji.

Na jambo jingine. Ndani ya kamera yake imebaki filamu moja. Hiyo si ya mama. Hiyo ni yangu. Wiki yake ya mwisho nilimnyang'anya kamera nikampiga yeye. Alikuwa akifoka: “Mwanamke, unaniharibia filamu kali ya mwanga mdogo!” Lakini alikaa, akatulia. Miaka yote ya ndoa yetu yeye alikuwa nyuma ya kamera; picha yake ninayo moja tu, ya harusi, ana nywele nyingi na aibu nyingi. Mwambie huyo Mholanzi aisafishe na hiyo. Ila usiitazame kabla yangu.

Makaburi nimeyapaka chokaa, la mama na lake. Yanang'aa hapo mbele ya nyumba kama watu wawili wamevaa nguo za kanisani wanangoja mlango ufunguliwe.

Akaiti


Tokoroa, 1 Aprili 2007

Wifi,

Uje mwenyewe! Mwaka mzima nakubembeleza unisogezee kopo la biskuti, leo unapanda ndege. Kuna kitu hunambii. Kama ni lile shamba la mihogo ya kaka upande wa Tamarua, chukua. Mimi sina mpango nalo.

Haya, sikiliza maneno ya Wim. Filamu usizitie kwenye mkanda wa mashine hata ndani ya huo mfuko, maana watu wa mashine wakiona donge jeusi huzidisha nguvu ili wachungulie ndani. Zitoe, ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uwaombe kwa upole wazikague kwa mikono. Fika mapema. Usiwe na haraka na usiwe na hasira. La pili hilo najua litakushinda.

Sasa nikuulize jambo, na unijibu kwa barua, si kwa mdomo, kwa sababu nikiwa peke yangu naweza kulivumilia. Mama aliniulizia? Hapa kanisani kuna watu waliotoka huko wakasema mama alikonda kwa kukosa wa kumlisha, kwamba wewe ulikuwa ukishinda ufukweni unaokota vigogoro, vile vikonokono vya kutungia shanga. Sikuuliza. Niliyameza kama yalivyo. Ndiyo maana kwenye simu ile nilisema niliyosema.

Kuna ukungu hapa wiki nzima. Moshi wa kiwanda cha karatasi unashuka, unachanganyika na ukungu, harufu yake inaingia mpaka kwenye mito. Uje na koti.

Upokoina

Leta taro, magimbi ya kwetu, kama watakuruhusu. Ya hapa dukani ina ladha ya sabuni.


Oneroa, 15 Aprili 2007

Wifi Upokoina,

Shamba la mihogo limejaa nguruwe wa jirani. Nani analitaka?

Nakujibu. Mama hakukuulizia. Usilie kwanza, nimalizie. Hakukuulizia kwa sababu hakujua kwamba umeondoka. Mwezi ule wa mwisho alidhani uko jikoni. Alikuwa akisema, “Upokoina anachelewesha chai,” au “Mwambieni Upokoina asipike majani ya rukau bila tui.” Mimi nikileta chai alikuwa akinitazama usoni, ananishukuru, halafu anasema, “Mwambie Upokoina ni tamu.” Nilikwambia kila mara, wifi. Nilikuwa nageukia mlango wa jikoni nakwambia.

Kuhusu vigogoro, ni kweli niliokota. Mvua ilikuwa imenyesha, na ndiyo siku wanayotoka. Mama alikuwa akipenda kuvichagua mapajani mwake.

Ndege yangu inatua Auckland Alhamisi tarehe 26. Siku za mwanzo nitafikia kwa binamu yangu Māngere, halafu nitapanda basi nije kwako. Filamu za mama nitazishika mkononi kama ulivyosema. Kamera ni nzito na bega langu halitaki, kwa hiyo nimeizungushia tivaevae, lile tandiko langu la kushonwa la maua mekundu, nikaiweka katikati ya sanduku kubwa. Huko hata sanduku likitupwa haitaumia.

Halafu, umeandika “nikiwa peke yangu.” Si nyumba imejaa?

Akaiti


Tokoroa, 25 Aprili 2007

Akaiti,

Barua yako imefika leo. Kamera iondoe sandukuni! Filamu iliyomo ndani ya kamera nayo ni filamu! Mimi sikukwambia kwa sababu sikufikiria, wala Wim hakufikiria kunambia. Nimemkimbilia dukani, ameshika kichwa. Anasema mashine ya mizigo ya mkononi ni jua la asubuhi. Ile ya masanduku yanayoingia tumboni mwa ndege ni tanuri. Na filamu kali ya mwanga mdogo ndiyo ya kwanza kuungua.

Nimepiga simu kwako, inalia tu. Nimepiga kwa mchungaji, wakasema uliondoka jana na ndege ndogo. Binamu yako wa Māngere namba yake sina. Naandika hii kwa anwani ya Māngere uliyowahi kunipa. Najua itakukuta umeshatua. Sijui kwa nini naandika. Nimesimama posta na kalamu ya kuazima, na kukaa kimya nimeshindwa.

Upokoina


Auckland, 29 Aprili 2007

Wifi Upokoina,

Nimefika. Nakuletea barua hii kwa mkono wa mke wa mchungaji wa hapa, anakuja huko Tokoroa kwa mkutano wa akina mama. Amebeba filamu zote na kamera. Mimi nitachelewa kidogo, kuna shughuli ndogo hapa mjini.

Ndege ndogo ya kwetu haina mashine yoyote. Rubani alinipima mimi na taro zangu kwenye mizani moja, akasema sote tunaruhusiwa. Kazi ilikuwa Rarotonga. Penye mashine alisimama mama mmoja mnene wa kisiwa cha Aitutaki, shada la maua kichwani, uso wa mwalimu wa Jumapili.

“Mama, weka huo mfuko kwenye mkanda.”

“Hauwekwi.”

“Kila kitu kinawekwa.”

“Hata wewe umepita humo?”

“Mama, kuna watu nyuma yako. Ndani mna nini?”

“Filamu. Na huu nilioushika ni mfuko wa risasi.”

Wifi! Ungewaona. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu alirudi nyuma akamkanyaga mkewe. Askari wawili walitokea sijui wapi. Yule mama akaniuliza polepole, kama anayesema na mtoto mwenye kisu, “Risasi za nini, mama?”

“Si za bunduki! Risasi ile ya chubwi, ya kuzamishia mshipi! Nyinyi Aitutaki hamvui siku hizi, mnauziana samaki wa kopo tu?”

Basi askari wakacheka, yeye hakucheka. “Unatoka wapi wewe?”

“Mangaia.”

“Nilijua,” akasema. “Vichwa vigumu kama mawe yenu. Haya, toa nione.”

Nikazitoa zote kwenye plastiki kama alivyosema Mholanzi wako. Akazitikisa moja moja sikioni, akazinusa. Halafu akashika ule ulimi wa filamu unaochungulia nje ya kikopo, akataka auvute aone kilichomo. Nikamshika mkono, wifi. Nilimshika mtu wa serikali mkono.

“Ukivuta ulimi huo umemuua mkwe wangu mara ya pili.”

“Ni picha za mkwe wako?”

“Za siku zake za mwisho.”

“Anaumwa?”

“Ameshakufa. Lakini humo ndani bado yu hai, anakunywa chai. Hakuna aliyemwona bado.”

Akanitazama. Akarudisha kila kikopo kwenye kifuniko chake, akavifunga mwenyewe ndani ya mfuko wa risasi, akauzungusha nyuma ya mashine kwa mkono wake, akanikabidhi upande wa pili. Akanong'ona, “Mimi wangu tulimzika bila picha.” Kisha akageuka akamfokea yule mzungu avue mkanda.

Sanduku lilishapita kwenye njia yake mapema. Nililipokea Auckland halina hata mkwaruzo, na kamera imelala ndani ya tivaevae kama mtoto.

Mwambie Mholanzi aanze na za mama, kisha yangu.

Akaiti


Tokoroa, 12 Mei 2007

Wifi,

Narudisha jibu kwa mke wa mchungaji, kwa sababu barua niliyokuandikia Māngere imerudi. Juu yake wameandika kwamba hukuwahi kukaa pale. Uko wapi? Nimemwuliza yeye, anatazama viatu vyake.

Picha za mama zimetoka. Zote. Hakuna iliyoungua.

Nilizitazama nikiwa nimesimama dukani, halafu nikaketi sakafuni, Wim akafunga mlango akageuza kibao. Mama anacheka bila meno. Mama amelala, mdomo wazi, nikamwogopa. Mama na vigogoro mapajani, anavitenga vya njano na vyeusi. Mama anaelekeza kidole kwenye mlango wa jikoni. Hiyo nimeibandika karibu na kitanda changu.

Na kila picha, Akaiti, ina mkono wako. Kaka alikuwa akikukata wewe pichani ili ampate mama, lakini mkono umebaki pembeni. Mkono umeshika kikombe. Mkono umeshika bakuli la uji. Mkono umejaa povu, unamwosha nywele, na mama amefumba macho kama paka. Nilitafuta picha moja ambayo yuko peke yake. Hakuna.

Yale niliyoyameza kutoka kwa watu wa kanisa nimeyatapika. Jumapili nitawapitishia picha hizi benchi kwa benchi.

Lakini nakukasirikia pia. Umefika nchi hii, basi ni la mwendo wa asubuhi moja, na huji kwangu. Kitanda nimekitandika. Kama ni kiburi, kimetosha. Kama unamwogopa Colin, hakuna wa kumwogopa.

Filamu yako bado. Wim ana kazi nyingi.

Upokoina


Auckland, 18 Mei 2007

Wifi Upokoina,

Usimgombeze mke wa mchungaji, nilimwapisha.

Sikuwa Māngere. Niko hospitali, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye nyumba ya wagonjwa wanaotoka visiwani. Daktari wa Rarotonga aliona uvimbe kwenye utumbo tangu mwezi wa pili. Walinipa tiketi ya kuja huku, na hapo ndipo niliposema nitakuletea filamu mwenyewe. Nilitaka unifungulie mlango kwa ajili ya filamu. Mgonjwa hufunguliwa mlango na mtu yeyote. Nilichoka kufunguliwa hivyo. Tangu Ngarima afe watu wa Oneroa wananiletea chakula, wanakiweka barazani, wanaondoka upesi.

Utacheka. Nilipigana na mama wa Aitutaki ili filamu zisipite kwenye mashine, halafu mimi mwenyewe nimelazwa kwenye mkanda nikaingizwa, kichwa mbele, kwenye mashine kama mdomo wa pango. Nikaanza kucheka mle ndani. Fundi akaniambia kwa kipaza sauti, “Mama, usitikisike, picha itaharibika.” Nikazidi. Ilibidi warudie.

Watanipasua Jumanne. Wanasema maneno mengi ya matumaini, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo linalonitisha. Chumba kina vitanda vinne, na mimi ndiye pekee ninayesali kwa lugha yetu. Naanza kusali najisikia nina sauti ngeni.

Naomba kitu kimoja. Filamu yangu ikitoka kabla ya Jumanne, nitumie hata picha moja kwa mtu anayekuja. Nataka kumwona kabla hawajanilaza. Nikifumba macho namwona wa harusi, yule kijana mwenye aibu, na yule sikumjua vizuri. Wa mwisho, mwenye mvi na kukoroma, ananikimbia.

Akaiti


Auckland, Jumanne, 22 Mei 2007

Akaiti,

Nimekaa kwenye kiti kilicho pembeni ya kitanda chako. Nilikuja na basi la kwanza. Muuguzi anasema wamekuchukua sasa hivi, shuka bado ina joto. Nimeishika. Nitaandika haya niyaweke chini ya mto, maana nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo nitadanganya tena.

Filamu yako ilitoka siku ile ile na za mama. Imeungua. Nilikuandikia kuhusu sanduku, barua ikafuata anwani ambayo hukuwapo. Wim alijaribu kila dawa aliyonayo. Zote zina mawimbi ya kijivu, kama ukungu wa Tokoroa unaoshuka. Nimekuletea nne zilizo afadhali. Katika moja kuna bega na ukosi wa shati. Moja kuna goti na sahani. Moja ni kiganja kimeinuliwa, kama anayesema “acha, acha.” Ya nne Wim anasema ni sikio, mimi sina hakika. Uso haupo.

Nilikwambia Wim ana kazi nyingi. Mzee wa watu hana kazi yoyote, anafunga duka mwisho wa mwaka.

Na mengine haya hapa, kwa kuwa nimeanza. Nyumba haijajaa. Colin aliondoka mwezi ule ule mama alipokufa. Alikwenda Australia na mwanamke wa ofisini, na wanawe wakamfuata. Ndiyo maana sikuja kumzika mama. Tiketi nilikuwa nayo. Nilifika mpaka kituo cha basi na sanduku, nikajiona nikishuka kwenye ndege ndogo peke yangu, watu wote wa Oneroa wamesimama na mashada, wananiuliza, “Mumeo yuko wapi?” Nikarudi nyumbani. Kaka alipokufa nikawa na aibu mbili, nikashindwa zaidi. Kiwandani nako walishatupunguza. Siku hizi nafagia shule. Jioni nawasha redio mbili, moja jikoni na moja sebuleni, ili nyumba isikike ina watu.

Kwa hiyo nimekuja, na sina mtu wa kuniita nirudi. Nitakaa kwenye kiti hiki. Ukifumbua macho na kunikuta nimelala mdomo wazi, usinipige picha.

Upokoina


Oneroa, 9 Septemba 2007

Wifi Upokoina,

Nimefika salama. Rubani hakunipima safari hii, aliniinua tu akaniweka kitini. Alisema nimekuwa mwepesi kama kikapu.

Nyumba ilikuwa na harufu ya kufungwa. Nilifungua madirisha nikaketi. Baada ya majira yote ya baridi kwako, ya kusikia unavyoburuta ndala zako asubuhi, unavyogombana na birika, kimya cha huku kimenikalia vibaya. Jana nilijikuta nakwambia kitu kwa sauti. Nikageuka, nikaona ukuta.

Zile picha nne nimezitundika sebuleni, kwenye fremu nzuri, karibu na ya harusi. Watu wanakuja kunitazama mimi, wanaishia kuzitazama zile. “Na hii ni nini, Akaiti?” Nawaambia, “Ni Ngarima.” Wanasogea, wanarudi nyuma, wanapindisha shingo. Halafu wanasema, “Ahaa.” Mzee mmoja alisema kwamba kwa kweli amefanana. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Nilikasirika, wifi, nisikufiche. Kule hospitali nilikwambia si kitu, na wewe uliona si kweli. Mara nyingine nachukua ile ya kiganja naiweka kwenye shavu, na ni karatasi tu, baridi. Mama yuko mzima kwenye picha zake zote, na mimi wangu amekuwa moshi. Nakuambia haya kwa sababu ni wewe tu ninayeweza kumwambia. Wengine watanijibu kwa mstari wa Biblia.

Afya nzuri. Nakula uji. Majirani wananiletea vitu. Daktari wa Auckland ameandika barua kwa daktari wa hapa, naye ameisoma akaikunja, akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninao wengi.

Usiwe na wasiwasi. Vaa soksi.

Akaiti


Tokoroa, 27 Septemba 2007

Wifi Akaiti,

Barua yako ina mistari inayoteremka. Ulianza juu kushoto, ukaishia chini kulia, na neno “nzuri” limeandikwa kama limelewa. Kisha unanambia majirani wanaleta vitu. Najua vinavyoletwa, ulishaniambia vinavyowekwa barazani na watu wakaondoka upesi.

Kwa hiyo sikukuuliza. Shuleni nimeaga. Mwenye nyumba nimemkabidhi funguo, na vitu vya Colin nimeviweka nje barabarani na kibao “chukua bure.” Nyundo zake zilikwenda kwanza. Redio nimempa jirani. Wim alinisaidia kufunga masanduku, akaniuliza kama nina filamu yoyote safari hii. Nikamwambia sina, nimebeba picha tu, na hizo zimeshapona, hata wakizipitisha kwenye mashine yoyote.

Naogopa, wifi. Sijakanyaga Mangaia tangu nikiwa na kiuno. Naogopa mlango wa kanisa, naogopa kusimama mbele ya makaburi yale mawili yaliyopakwa chokaa na mkono wako. Watauliza mume wangu yuko wapi. Nitawaambia sijui alipo, na nitaendelea kutembea. Mazoezi nimefanya mbele ya kioo. Mara nyingine naimaliza sentensi.

Daktari akikuuliza tena, usimwambie ninao wengi. Mwambie yupo mmoja, anafika Ijumaa tarehe 5 na ndege ya asubuhi. Usije uwanjani. Lala. Nitauliza njia kwa mtu yeyote, na kama nimeisahau, nitafuata chokaa.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako, na wewe usiniandikie tena hapa, hakuna atakayeipokea. Kuanzia siku ile ukiwa na neno, mchana au usiku, usitafute kalamu. Ita tu kwa sauti. Nitakuwa jikoni.

Wifi yako,
Upokoina